"Basi Mungu naye aliumbwa na nani?"

Wengi huliona swali hili kuwa limeimaliza hoja ya chanzo cha kwanza, ile inayosema Mungu yupo kwa kuwa lazima kiwepo chanzo cha vyote, wakidhani hoja yenyewe husema kila kitu kina chanzo. Haisemi hivyo! Al-Ghazali, mwanatheolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alisema kila *kinachoanza* kuwepo kina chanzo. Kisicho na mwanzo, kama Mungu, hakimo katika kanuni hiyo.

Thomas Aquinas (1225–1274), mwanatheolojia wa Kikristo, hata hakuhitaji ulimwengu uwe na mwanzo. Kwake, akili peke yake haiwezi kuuthibitisha mwanzo huo. Tazama mkono ukisukuma fimbo, fimbo ikisukuma jiwe. Mkono ukitulia, vyote hutulia. Fimbo ziwe hata elfu, pasipo mkono hakisogei kitu. Anachotafuta ni huo mkono: chanzo kinachotenda sasa hivi, si cha zamani.

Pingamizi zito kweli ni la mwanafalsafa David Hume: kwa nini kinachoanza kuwepo lazima kiwe na chanzo?