Kosa la 403 halimaanishi umekosea nenosiri

Wengi wakikutana na 403, namba ya kosa inayorudishwa na seva ya wavuti, hukimbilia kubadili nenosiri au kuomba tokeni mpya (msimbo unaomtambulisha mtumiaji kwa seva). Ni kupoteza muda. Kwa 403 seva inasema: ombi lako nimelielewa, ila ninakukatalia. Tokeni mpya yenye ruhusa zilezile italeta jibu lilelile, kwa hiyo kagua ruhusa alizopewa mtumiaji.

Seva isipokutambua hutoa 401. Hapo ndipo uichunguze tokeni: neno Bearer limeitangulia kwenye ombi? Muda umekwisha? Mimi huanza na saa, maana inasumbua sana. Muda wa mwisho wa JWT (aina ya tokeni inayotumika sana) huhesabiwa kwa sekunde tangu 1970. Saa ya seva inayokagua tokeni ikiitangulia saa ya seva iliyoitoa kwa dakika 5, tokeni ya dakika 5 huonekana imekwisha tangu inapotolewa.