Meshi hubeba ujumbe, haiutafsiri: dhana potofu kuhusu vifaa mahiri vya kampuni tofauti

Muuzaji akikuambia kwamba balbu ya Philips Hue, kihisi cha mlango cha Aqara na soketi ya IKEA vyote vinatumia Zigbee, kiwango cha redio cha vifaa mahiri, na kwamba kwa hiyo vitaelewana vyenyewe mara tu utakapovifikisha nyumbani, amekuambia nusu ya ukweli, na ile nusu aliyoiacha ndiyo itakayokurudisha dukani. Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Mtandao wa meshi ni utaratibu wa vifaa kupokezana ujumbe, kama vibarua wanaopokezana karai za zege kutoka chini hadi ghorofa ya tatu: kila mmoja humpa aliye karibu naye, na si lazima ajue zege hilo linakwenda kumwaga nguzo au ngazi. Kusafirisha ujumbe ni kazi moja, kuuelewa ni kazi nyingine, na kukubaliwa kuingia katika mtandao ni jambo la tatu ambalo huamuliwa na kitovu, yaani kile kisanduku kinachousimamia mtandao mzima.

Kitovu cha Hue, kwa mfano, hupokea balbu nyingi za kampuni nyingine zinazofuata kiwango cha Zigbee, lakini hakikutengenezwa ili kusimamia vihisi vya milango vya kila mtengenezaji. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa vifaa vya taa vilikuwa na kanuni zake na vifaa vingine vya nyumbani vilikuwa na zake, hadi kanuni hizo zilipounganishwa katika Zigbee 3.0. Hata sasa, ukiwa na vitovu viwili nyumbani, una mitandao miwili: balbu iliyosajiliwa katika kitovu cha kwanza haitapitisha ujumbe wa kihisi kilichosajiliwa katika cha pili, hata kama viwili hivyo vimetenganishwa na kimo cha dari tu. Anayetaka vifaa vya kampuni mbalimbali vipokezane ujumbe kwa kweli hana budi kuviweka vyote chini ya kitovu kimoja kinachokubali wengi, na ndiyo sababu watu wengi wamehamia kwenye programu huria kama Home Assistant, inayotumia kompyuta ndogo na kifaa cha redio cha kuchomeka kwenye USB.

Kuna wanaosema kwamba mjadala huo umekwisha kwa sababu Matter imekuja, na hao hao kwa kawaida huchukulia Matter na Thread kuwa kitu kimoja. Si kitu kimoja. Matter, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, ni lugha ya pamoja: inaeleza jinsi taa inavyoambiwa iwake, na jinsi kufuli linavyotoa taarifa kwamba limefungwa. Thread, iliyoanzishwa na kundi la kampuni mwaka 2014, ni meshi, yaani njia. Lugha hiyo inaweza kupita katika Thread, katika Wi-Fi au katika waya wa kawaida wa mtandao, kwa hiyo nembo ya Matter kwenye boksi haikuhakikishii kwamba kilichomo kinatumia meshi yoyote. Na kifaa cha Thread, ili kifikiwe na simu yako, kinahitaji ruta ya mpakani, inayounganisha Thread na mtandao wa kawaida wa nyumbani, kazi inayofanywa na vifaa kama spika ya HomePod mini ya Apple au skrini ya Nest Hub ya kizazi cha pili ya Google.

Hapo ndipo penye utata ambao matangazo hayausemi. Ruta za mpakani za kampuni mbili zinaweza kila moja kuanzisha mtandao wake wa Thread ndani ya nyumba moja, na vifaa vya upande mmoja visiwasaidie jirani zao wa upande wa pili. Toleo la Thread 1.4, lililotangazwa mwaka 2024, liliweka utaratibu sanifu wa kampuni kupeana funguo za mtandao, lakini ruta yenye toleo la zamani haitaufuata mpaka isasishwe. Kwa maoni yangu, kama ruta inatumia toleo hili au la zamani ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, kabla hata ya bei.

Dhana inayofuata nimeilipia mwenyewe: kwamba kadiri vifaa vinavyoongezeka ndivyo meshi inavyoimarika. Ukweli ni kwamba vifaa vya betri, kama vihisi vya milango na vya mwendo, havipokezani ujumbe wa wenzao, kwa sababu hulala muda mwingi ili kutunza betri. Kazi ya kupokezana hufanywa na vilivyounganishwa na umeme wakati wote, kama soketi, balbu na swichi zilizofungwa na waya wa nyutro. Nyumbani kwetu kihisi cha geti kilikuwa kinanyamaza kila siku saa moja asubuhi na kurejea jioni, nikabadilisha betri mara mbili nikidhani ni mbovu. Siku ya tatu nilikaa barazani na kikombe cha chai, nikamwona mama akipita kuelekea sokoni, akinyoosha mkono na kuzima taa ya baraza kwenye swichi ya ukutani, kama tulivyofundishwa wote tangu utotoni kwamba taa haiachwi inawaka mchana. Balbu ile ndiyo iliyokuwa ikipitisha ujumbe wa geti. Mama hakukosea, aliyekosea ni aliyeitegemeza meshi kwenye balbu yenye swichi ya kawaida. Nilichomeka soketi mahiri karibu na dirisha la sebuleni, mahali ambapo hakuna anayeizima, na kihisi hakijanyamaza tena.

Kwa sababu hiyo hiyo umeme ukikatika vihisi hubaki hai huku vipitishi vyao vimekufa. Kwenye nyumba yenye inveta, inafaa kitovu na angalau vipitishi viwili vitatu viwe upande wa saketi unaolindwa nayo. Vinginevyo umeme ukirudi utasubiri vihisi vitafute njia upya, na vingine havina haraka.

Wapo pia wanaonunua ruta za Wi-Fi za meshi wakiamini kwamba zitaimarisha na vihisi vyao. Kwa kawaida hizo husambaza Wi-Fi tu. Nyingi hazina habari na Zigbee, ingawa chache zimewekewa redio ya Thread au ya Zigbee ndani yake. Badala ya kusaidia zinaweza hata kuharibu, kwa kuwa Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz na Zigbee vinagombea anga moja. Zigbee ina chaneli 16, kuanzia ya 11 hadi ya 26, na ukiiweka Wi-Fi kwenye chaneli ya 1 au ya 6, chaneli za juu za Zigbee kama ya 25 hupumua. Kitovu kisirundikwe juu ya ruta. Kifaa cha redio cha USB nacho kiwekewe waya wa kurefusha, kwa sababu matundu ya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa hayo hayo.

Z-Wave, kiwango kingine cha redio cha meshi, hukwepa msongamano huo kwa kutumia masafa ya chini, lakini masafa yake hutofautiana kwa nchi: ya Marekani ni 908.42 MHz na ya Ulaya ni 868.42 MHz. Ndugu akikuletea kufuli kutoka Chicago na soketi kutoka London, kwa kawaida havitasikizana, na mara nyingi hakuna mpangilio wa programu utakaovipatanisha.

Kuhusu dhana kwamba kamera nazo zinaweza kupitishia video kwenye meshi hizi, jibu ni fupi. Redio ya Zigbee na Thread hubeba kilobiti 250 kwa sekunde kwa juu kabisa, na kila hatua ya kupokezana hupunguza kiasi hicho. Video haina nafasi humo.

Mwisho ni ile hofu kwamba bando likiisha nyumba nzima hufa. Meshi yenyewe haihitaji intaneti. Kinachohitaji intaneti ni programu ya kampuni iliyoamua kupeleka kila amri kwenye seva zake kwanza, na hilo hupimika kwa urahisi: chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, kisha fungua mlango wenye kihisi uone kama taa itawaka. Matter imejengwa ili amri zipite ndani ya nyumba, lakini kila kifaa chake huingizwa kwa msimbo ambao kwa kawaida huchapishwa kwenye mwili wake, kwa hiyo upige picha msimbo huo kabla hujakifunga darini. Mimi nilikumbuka baada ya fundi kuondoka na ngazi yake.