Mwanga wa kompyuta hauharibu macho
Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Posta hadi Kariakoo, imezoeleka kusemwa kwamba mwanga wa kompyuta huharibu macho, na wapo wanaonunua miwani ya kuchuja mwanga wa buluu kwa fedha ambazo, kwa maoni yangu, zingefaa zaidi kulipia kipimo cha macho. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, hayakuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho. Kinachochosha ni kukazia macho kitu cha karibu kwa saa nyingi huku tukipepesa kope mara chache kuliko kawaida, hata macho yakakauka, hasa kiyoyozi kinapotupulizia usoni. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, ukipepesa kope kwa makusudi.