Je, wajua? Kwenye ugonjwa wa Leber kamera ya jicho ni nzima, kinachokufa ni waya

Nilishawahi kubishana na mtu, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba mtu akirithi mitokondria mbovu macho yakazima, basi zilizokufa ni zile seli za retina (utando wa ndani nyuma ya jicho) zinazopokea mwanga. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mitokondria ndo jenereta za seli, na seli za mwanga ni kati ya walaji wakubwa wa nishati mwilini, so jenereta zikizingua wao ndo watalala njaa kwanza. Inaingia akilini kabisa. Ila sio kweli.

Chukua ugonjwa wa Leber (ule wa kurithi unaoua neva ya jicho, LHON), daktari Mjerumani Theodor Leber aliueleza 1871. Chanzo ni herufi moja kubadilika kwenye DNA ya mitokondria, na mitokondria tunapewa na mama tu. Hapo napo nilichemka, nilidhani ukitoka kwa mama unawapata wasichana, kumbe mama anawagawia watoto wote na wanaopofuka wengi ni wanaume (kwa nini hasa, homoni za kike zinatajwa sana lakini kesi haijafungwa).

Wanaokufa ni seli za ganglioni. Hizi kazi yao ni kukusanya picha kwa wenzao na kuipeleka kwenye ubongo, kila moja ina mkia mrefu, na mikia kama milioni 1 ikifungwa pamoja ndo neva ya jicho. Seli za mwanga wala hazijaguswa, zinapokea picha vizuri tu ila hakuna wa kuipeleka.

Sasa kwa nini wao? Angalia mkia. Nyuma ya jicho umevikwa ganda la mafuta kama waya wenye plastiki, ishara inaruka fasta kwa gharama ndogo. Lakini ndani ya jicho mkia uko uchi, maana unapita mbele ya seli za mwanga na hilo ganda lingewazibia. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliotoboka mwili mzima, maji hayafiki mwisho mpaka uweke pampu kila hatua mbili, na kila pampu inataka umeme, ndo maana kipande hicho cha mkia kimejaa mitokondria. Sasa umeme ukipungua kidogo mpira mnene unavumilia, ule mwembamba matundu ni mengi kuliko maji yaliyomo na jenereta zenyewe hazina pa kukaa. Na mikia myembamba kuliko yote ni ya katikati ya macho, pale pa kusomea na kutambua sura! So kijana anakuangalia anaona masikio na nywele, uso ni ukungu, hasikii maumivu, na jicho la pili hufuata ndani ya wiki au miezi.

Na seli za mwanga zinaponaje? Zinachoma sukari nyingi bila kupitia mitokondria, huenda hiyo ni sehemu ya jibu, nisingeapa.

Ila kinachonifurahisha zaidi ni tochi. Mmulike mgonjwa huyo na mboni mara nyingi bado inasinyaa, mpaka anaweza kudhaniwa anaigiza. Kuna kundi dogo la ganglioni lenye melanopsini (protini inayonasa mwanga), linalohisi mwanga lenyewe na kuendesha mboni na saa ya mwili, na kundi hilo linastahimili kuliko wenzake. Kwa hiyo mtu hawezi kusoma meseji kwenye simu yake, lakini mwili wake unajua kumekucha.