Jiko la peleti: linavyofanya kazi, na kwa nini huzima katikati ya mapishi

Jiko la peleti ni jiko la nje la kuchomea na kufukizia nyama. Linakula kuni, lakini linaendeshwa kwa umeme. Umeme wenyewe haupiki kitu: unazungusha mota, unaendesha feni, unawasha moto mwanzoni, na unalisha kidhibiti kinachopima joto. Kinachopika ni peleti, yaani unga wa mbao uliogandamizwa kuwa vipande vyenye unene wa milimita 6 hivi na urefu wa sentimita moja au mbili. Unachagua joto, unafunga mfuniko, jiko linajilisha lenyewe. Tabia yake iko karibu zaidi na oveni kuliko jiko la mkaa, na anayelinunua akitegemea nyama ibabuke kama mishikaki ya barabarani mara nyingi hujuta.

Asili yake ni Marekani. Joe Traeger wa Mt. Angel, jimbo la Oregon, alilibuni katika miaka ya 1980 na kupata hataza mwaka 1986. Hataza ilipokwisha muda wake mwaka 2006, kampuni nyingine ziliingia sokoni, na leo jiko hili ni la kawaida kwenye nyua za nyumba za Marekani na Kanada. Lisichanganywe na majiko banifu ya peleti ya kupikia ugali na maharage. Kuni zao zinafanana, lakini mashine ni tofauti kabisa.

Ndani ya jiko

Pembeni kuna sanduku la peleti. Chini ya sanduku hilo kuna parafujo ndefu, kama ile ya mashine ya kusagia nyama, inayozungushwa na mota ya polepole sana, mara nyingi mizunguko 2 tu kwa dakika. Parafujo inasukuma peleti hadi kwenye kikombe cha moto, chombo cha chuma chenye upana wa sentimita 8 hadi 10 kilichokaa katikati ya tumbo la jiko. Moto wote uko humo. Kikombe kina matundu ubavuni ambako feni hupuliza hewa, na tundu moja ambamo hupita kiwashio: kijiti cha chuma chenye waya wa kupasha joto ndani, cha wati 200 hadi 300.

Juu ya kikombe kuna bati zito linalozuia ulimi wa moto usiguse nyama na kusambaza joto pande zote. Juu yake kuna trei iliyolala kwa mshazari ili mafuta yatiririke hadi kwenye ndoo ndogo nje ya jiko, kisha nyavu za kuwekea nyama. Kihisi joto, kijiti chembamba, kimechomoza ukutani na kumweleza kidhibiti hali ya ndani.

Kazi kuu ya kidhibiti ni kuamua parafujo izunguke kwa muda gani na itulie kwa muda gani. Kwenye vidhibiti vya zamani, ukichagua hatua ya moshi, parafujo huzunguka sekunde 15 na kutulia sekunde 65, basi, inarudia hivyo hivyo. Watengenezaji waliweka alama ya P, kutoka P-0 kwenda juu, na kila namba inaongeza sekunde 10 za kutulia. P kubwa maana yake ni peleti chache, moto mdogo na moshi mwingi, na hatari ya kuzima. Siku ya upepo au baridi kali, punguza P. Vidhibiti vipya hupiga hesabu hizo vyenyewe kila baada ya sekunde chache, na hushikilia joto kwa tofauti ndogo. Kwa vile vya zamani, joto kupanda na kushuka nyuzi 10 za Selsiasi kila upande si ubovu. Usiliandame jiko kwa kubonyeza bonyeza.

Peleti

Matatizo mengi huanzia kwenye gunia. Peleti hazina gundi. Zinashikana kwa lignini, dutu ya asili ya mti inayolainika kwa joto la mashine ya kugandamiza na kuwa ngumu tena zinapopoa. Ndiyo maana maji huziua: dondoshea chache kwenye glasi ya maji, baada ya dakika chache utaona uji wa unga wa mbao. Peleti nzuri ina unyevu chini ya asilimia 10, inang'aa kidogo, na ukiivunja inatoa mlio mkavu. Ikiinama au kumeguka kama biskuti ya zamani, usiimimine kwenye sanduku.

Usitumie peleti za kupashia nyumba joto, hata zikiwa za bei nusu. Hizo huweza kuwa na misonobari yenye utomvu mwingi, magome, au mabaki ya mbao zilizotiwa dawa, na moshi wake unaingia kwenye chakula chako. Kuhusu ladha, usisumbuke sana. Magunia mengi yenye jina la hikori au tufaha yana mwaloni au alda kama msingi, na moshi wa jiko hili ni mwepesi kiasi kwamba tofauti kati ya mti mmoja na mwingine ni ndogo kuliko maandishi ya gunia yanavyodai.

Kwa joto la chini, nyuzi 107 (ambazo Wamarekani huziita 225 kwa Farenhaiti), jiko la ukubwa wa kawaida hula nusu kilo hadi kilo moja kwa saa. Kwa joto kali hufika kilo moja na nusu. Gunia la kawaida ni kilo 9, kwa hiyo kidari cha ng'ombe cha saa 10 au 12 kinaweza kulimaliza.

Kuliwasha na kulizima

Jiko jipya lina parafujo tupu. Ukiliwasha hivyo hivyo, kiwashio kitamaliza dakika zake kabla peleti ya kwanza haijafika kwenye kikombe, na utadhani umeuziwa jiko bovu. Kwanza jaza parafujo: weka peleti, zungusha hadi uone zinaanza kudondoka kikombeni, kisha zima, ondoa zilizozidi, ndipo uanze upya. Baadaye liache liwake tupu kwa dakika 45 hivi kwenye nyuzi 180 au zaidi ili mafuta ya kiwandani yaungue. Chakula cha kwanza kisiwe cha wageni.

Siku za kawaida, washa na usubiri. Majiko ya zamani huwashwa mfuniko ukiwa wazi, mengi ya sasa ukiwa umefungwa, kwa hiyo fuata kitabu chake. Baada ya dakika 3 hadi 5 utaona moshi mzito mweupe, kisha utapungua na utasikia mvumo wa moto. Hapo peleti zimeshika. Ngoja dakika 10 au 15 jiko lipate joto ndipo uweke nyama. Moshi unaoutaka wakati wa kupika ni mwembamba, wa kibuluu, wakati mwingine hata hauonekani. Ukiutaka mwingi, anza na nyuzi 70 hadi 80 kwa saa moja, kisha panda.

Nyama ipime kwa kipimajoto, si kwa saa. Kuku awe nyuzi 74 ndani. Paja la mbuzi la kuchambuka kwa mkono lataka 90 hivi, na kidari cha ng'ombe 95. Kidari kikifika kati ya 65 na 75 hugoma kupanda, pengine kwa saa kadhaa, kwa sababu maji yanayotoka kwenye nyama yanaipoza kama jasho linavyoupoza mwili. Watu wengi hapo huongeza moto na kukausha nyama. Ifunge kwa foili na uache jiko lifanye kazi yake.

Kuzima kuna utaratibu. Bonyeza kitufe, na uache feni iendelee kupuliza hadi inyamaze yenyewe, dakika 10 au zaidi, ili peleti zilizobaki kikombeni ziungue zote. Ukichomoa plagi kwa haraka, makaa yanabaki bila hewa, na moto unaweza kutambaa polepole kurudi kwenye parafujo hadi kwenye sanduku.

Linapogoma

Liache lipoe, chomoa plagi, toa nyavu, trei na bati, kisha tazama ndani ya kikombe cha moto kabla ya kugusa kitu kingine. Kikombe ndicho kitakachokuambia ugonjwa uko upande gani.

Kikiwa kitupu, tatizo ni ulishaji. Fungua sanduku: mara nyingi peleti zimejenga shimo katikati, za pembeni zimeshikamana na kuning'inia huku za katikati zikiwa zimekwisha. Koroga kwa mkono, jiko likiwa limezimwa. Ikiwa sanduku limejaa vizuri na mota inanguruma bila parafujo kuzunguka, basi imekwama. Peleti zilizolowa huvimba ndani ya bomba na kukauka kama saruji. Toa peleti zote, fungua mota, shika mkia wa parafujo kwa koleo la kubana na uirudishe nyuma kidogo kidogo hadi iachie. Mota ikizunguka lakini parafujo imetulia, angalia pini inayoviunganisha. Imetengenezwa ikatike ili mota isiungue, kwa hiyo usiweke msumari wa chuma kigumu badala yake.

Kikiwa kimejaa peleti zisizoungua, kiwashio hakipati moto. Kipime kwa mita ya umeme kikiwa kimechomolewa kwenye kidhibiti. Cha wati 200 kwa volti 120 kinapaswa kusoma omu 72 hivi, cha wati 300 omu 48. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, waya wa ndani umekatika. Kikisoma sawa lakini swichi ya usalama inakata umeme kila unapowasha jiko, chuma chake kina ufa au kimeingiwa na unyevu na umeme unavuja. Kukibadilisha ni kazi ya nusu saa. Ukiwa na nyama mezani na duka limefungwa, weka konzi ndogo ya peleti kikombeni, tia kijiko cha jeli ya spiriti, washa kwa kibiriti kirefu, na zikishika moto vizuri rudisha bati na trei, kisha washa jiko. Petroli na mafuta ya taa, kamwe.

Kikiwa kimejaa majivu, hakuna fumbo. Majivu yamefunika matundu ya hewa na kufukia kiwashio. Fyonza kikombe na sakafu ya jiko kila baada ya magunia mawili, mapema zaidi ukipika kwa joto la chini, na hakikisha yamepoa tangu jana. Kaa moja hai ndani ya mashine ya kufyonza vumbi inatosha kuchoma nyumba.

Hatari kubwa ni kuwasha tena jiko lililozima lenyewe bila kumwaga kikombe. Mlundikano wa peleti unafuka bila kuwaka, tumbo la jiko linajaa gesi za moshi mzito wa njano, kisha moto unashika ghafla na mfuniko unaruka. Ukiona moshi wa aina hiyo unabubujika kwa dakika nyingi, zima, kaa mbali, na usifungue mfuniko.

Alama za hitilafu kwenye kioo cha kidhibiti hutofautiana kwa chapa. LEr kwa kawaida ni joto kushuka mno, yaani moto umezima, na HEr ni joto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu mafuta yameshika moto kwenye trei. Kwa moto wa mafuta, funga mfuniko na ukate umeme. Usimwage maji. Namba zikiwa za ajabu na moto uko sawa, futa kihisi joto kwanza, kwani masizi na mafuta hukifanya kisome chini, na kidhibiti kinaongeza peleti bila sababu.

Ukilisafirisha kuja nyumbani

Wanaoishi Marekani hulitia kwenye kontena kuja Dar es Salaam au Mombasa, na hapo huanza taabu nyingine. Jiko la volti 120 likichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 au 240, kiwashio hupata nguvu karibu mara nne ya kawaida na kuungua, na kidhibiti hufuata. Transfoma ya kushusha umeme, ya wati 500 au zaidi, inaokoa vitu hivyo. Lakini transfoma haibadilishi mapigo ya umeme, na wetu ni wa hezi 50 badala ya 60. Mota za kawaida za parafujo hufuata mapigo hayo, kwa hiyo mizunguko 2 kwa dakika inakuwa 1.7 hivi. Feni nayo inapungua kasi. Jiko linapika, ila hufika joto kali kwa shida na hatua ya moshi huzima kirahisi. Kwenye kidhibiti cha zamani, shusha P. Majiko yenye mota za umeme wa DC hayana shida hii, maana hugeuza umeme ndani.

Umeme ukikatika nyama ikiwa ndani, usifungue mfuniko. Jiko lina joto la kuhimili dakika kadhaa. Inveta ndogo inatosha kuliendesha, kwa kuwa baada ya kuwaka hutumia takriban wati 50 tu, ila inayotakiwa kuwasha upya lazima ihimili wati 300 za kiwashio. Umeme ukirudi baada ya moto kufa, toa nyama, acha bati lipoe, umwage kikombe, ndipo uwashe. Nyama iliyokwishapita nyuzi 74 ndani, ifunge kwa foili na kuiweka kwenye hotipoti wakati ukihangaika.