Ulichofuta Ni Jina, Faili Bado Lipo

Nimeletewa tena seva ya Linux ambayo df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inasema diski imejaa kwa asilimia 100, ilhali du -shx /, amri ya kujumlisha ukubwa wa mafaili, haifikishi hata nusu yake, na nimeambiwa tena, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa, kwamba df ina hitilafu na dawa yake ni kuizima seva na kuiwasha.

df haina hitilafu. Inauliza mfumo wa mafaili bloku ngapi (vipande vya nafasi ya diski) zimekwisha kugawiwa, basi. du hupita saraka kwa saraka ikijumlisha bloku za kila faili inaloweza kulifikia kwa jina. Kinachokalia bloku bila jina, df hukihesabu na du hukipita.

Mara nyingi kitu hicho ni logi, yaani faili la kumbukumbu za programu, iliyofutwa huku ikiendelea kuandikwa. Amri ya kufuta, rm, huondoa jina katika saraka. Inodi, yaani rekodi ya faili lenyewe, na bloku zake hubaki hadi prosesi (programu inayoendeshwa) ya mwisho iliyolifungua faili hilo ilifunge. Ukifuta access.log ya Nginx, programu ya seva ya wavuti, yenye gigabaiti 40, Nginx haina habari: inaendelea kuandika mle mle, ls, amri ya kuorodhesha saraka, haioni kitu, na diski inazidi kujaa. Endesha lsof +L1, amri ya kuorodhesha mafaili yaliyo wazi yasiyo na jina, kama root (mtumiaji mkuu), nawe utaliona faili lenyewe, safu ya NLINK, idadi ya majina, ikisoma 0, na mwishoni mwa jina pameandikwa (deleted). Kuiwasha seva upya husaidia kwa sababu huua prosesi zote, kama Panadol inavyotuliza kichwa na malaria ikabaki palepale. Mpangilio mbovu wa logrotate, chombo cha kubadilisha logi kuukuu kwa mpya, haujaguswa, na wateja wote wamekatiwa huduma kwa jambo ambalo nginx -s reopen, inayoiamuru Nginx ifungue logi zake upya, ingelimaliza papo hapo.

Ikiwa prosesi haiwezi kusimamishwa, wengi hulimwaga faili liwe tupu kupitia /proc, saraka inayoonyesha prosesi na mafaili zilizoyafungua, kwa mfano : > /proc/2214/fd/4. Mimi hufanya hivyo kwa logi tu, na kwa shingo upande, kwa sababu programu ambayo haikulifungua faili kwa hali ya kuongezea mwishoni itaendelea kuandika pale ilipofikia, na mwanzoni mwa faili patabaki tundu: ukubwa unaoonekana ni gigabaiti 40 zilezile, bloku zilizokaliwa ni chache. Kwa faili la data la hifadhidata, usithubutu.

Mengine kwa haraka. Kama df -h inaonyesha nafasi lakini unaambiwa diski imejaa, tazama df -i, huenda inodi ndizo zilizokwisha. ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa kawaida humtengea root asilimia 5, ndiyo maana iliyotumika ukijumlisha na iliyobaki haifikii jumla. Ukiendesha du bila sudo, yaani bila mamlaka ya root, itaruka saraka usizoruhusiwa kuzisoma; usinilaumu.

Kisha kuna mafaili yaliyofunikwa: kazi ya chelezo ilianza usiku kabla diski ya /backup haijapachikwa (haijaunganishwa kwenye saraka yake), ikaandika kwenye diski ya mfumo, na asubuhi diski ikapachikwa juu yake. lsof haitakuonyesha lolote hapo. Tumia mount --bind / /mnt ili uione diski ya mfumo bila iliyopachikwa juu yake, kisha du -sh /mnt/backup.

Tofauti ya asilimia moja au mbili siifuatilii tena. Na kwenye Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, yenye snapshoti (nakala za papo hapo zinazoshirikiana bloku), ambako du huhesabu bloku zilezile kila inapokutana nazo hata jumla yake ikaizidi ya df, nimeacha kabisa kuzipatanisha; ninasoma btrfs filesystem usage na kuendelea na kazi.