Silabusi unayo, somo huna

"Asistanti, silabusi ninayo, nitajisomea nyumbani." Kila mwaka wa masomo unapoanza nayasikia maneno hayo, na baada ya mitihani nayasikia tena, safari hii kwa mzazi: mtoto alikuwa na silabusi zote, mbona amepata 6 kwa 20? Nasimamia kazi za vitendo za sheria, mwaka wa kwanza na wa pili, kwenye chuo kikuu cha serikali hapa Lubumbashi, Kongo. Nimechoka kulijibu swali hilo mzazi mmoja mmoja mlangoni, kwa hiyo naliandika.

Silabusi, maandishi ya kozi anayoyatoa profesa, ni mifupa ya somo. Profesa huiandika ili asipoteze saa zake kuwasomea watu imla. Mfano aliouleta kutoka mahakamani, zoezi la ubaoni, swali la yule kijana mbishi wa safu ya nyuma na jibu alilopewa, hayo hayamo. Na mtihani hupenda kutoka huko huko.

Mwaka mmoja tuliuliza masharti ya mkataba kuwa halali. Sheria yetu inataka manne: ridhaa ya anayejifunga, uwezo wake wa kufunga mkataba, kitu mahususi kinachoahidiwa, na sababu iliyo halali. Karatasi baada ya karatasi zilianza kwa mbwembwe, "Masharti ni manne", kisha zikataja matatu. Ridhaa, uwezo, sababu. Kumbe fotokopi iliyozunguka promosheni nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka huo, ilikosa ukurasa unaoeleza kitu cha mkataba. Kukosa ukurasa si dhambi. Kinachoniudhi ni kuandika manne, kutaja matatu, na kukabidhi karatasi bila hata kuhesabu kwa vidole. Aliyekuwa ukumbini siku hiyo asingeweza kulisahau sharti hilo, maana mjadala wake ulichukua saa nzima.

Swali lililofuata: kijana wa miaka 16 anauza pikipiki ya baba yake soko la Kenya, hapa hapa mjini, mkataba unasimama? Nilisoma kurasa mbili za maana ya mkataba, zimeandikwa vizuri, neno kwa neno kama silabusi, na kijana wa watu hatajwi popote. Wala umri wake. Wala kwamba pikipiki si yake.

Kisha kuna hesabu ambayo watu hawataki kuifanya. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, na saa za ukumbini ni sehemu tu. Kozi ya krediti 4 inakudai saa 100. Zile ambazo huna profesa mbele yako, wengi wanaziita mapumziko.

Dawa yangu wanaicheka, lakini siiachi: kalamu na daftari. Andika kwa mkono yale yasiyo kwenye silabusi, mifano hasa. Picha ya ubao uliyopiga kwa simu siihesabu, itazikwa chini ya picha za harusi ya dada yako kabla ya Jumapili. Jioni, umeme ukiwepo au usipokuwepo, chukua zoezi moja ulifanye mpaka ukwame. Ukikwama, njoo. Usije kuniambia "sijaelewa somo". Nionyeshe mstari uliokushinda, na hapo tutaelewana kwa dakika tano.

Kingine: "Nilipata asilimia 70 kwenye mtihani wa serikali, mwaka wa kwanza hautanisumbua." Mtihani ule wa kumaliza sekondari kwa sehemu kubwa ni kuchagua jibu kati ya majibu uliyowekewa. Huku unapewa karatasi nyeupe. Basi.

"Chuo cha serikali ni bure." Wapo wajomba waliosoma enzi za UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kati ya 1971 na 1981, Lubumbashi ilipokuwa kampasi mojawapo ya chuo kimoja cha taifa zima. Wanakumbuka bursa, pesa za masomo za serikali, na mgahawa wa wanafunzi, basi wanamtuma mpwa na begi na baraka. Wengine wanachanganya na elimu ya bure iliyoanza 2019, ambayo ni ya shule za msingi za umma. Minervali, ada ya masomo, inalipwa. Tena piga hesabu ya teksi ya Kasapa, kampasi yetu, kwenda na kurudi, kwa mwezi mzima, uongeze fotokopi na bukari (ugali) ya mchana. Wengi huacha kuja darasani kwa sababu ya teksi, halafu tunarudi kule kule: silabusi ninayo.

Na hili la wazazi kuniambia binti yuko L1, mwaka wa kwanza wa lisansi, kwa hiyo kabakiza mwaka mmoja. Hapana, mama. Zamani ulisoma gradua miaka 3, ndipo ukaingia lisansi ya miaka 2. L1 ilikuwa mwaka wa nne. Siku hizi lisansi inaanzia siku ya kwanza: miaka 3, krediti 180. Baada yake masta, miaka 2, krediti 120. Jumla bado mitano, na anayeishia kwenye lisansi ya leo amesoma miaka ile ile ya gradua ya zamani. Utabibu una hesabu yake, ni mrefu zaidi. Kwa hiyo binti wa L1 ndiyo kwanza ameingia, na ukimtaka afike masta, panga pesa za miaka mitano kabla hujaanza kuulizia bei ya ukumbi wa sherehe.